Simu Mia Zilizoandikwa Amerika

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, skrini ya kompyuta ya Kavira ilionyesha tarakimu mbili zinazolingana: 100/100. Aliiamuru programu ihesabu upya. Ikahesabu upya. 100/100.

Programu hiyo aliiandika mwenyewe na kuipa jina la Karani. Kazi yake ni ndogo na haiikosei: inaingia kwenye akaunti ya Kavira huko kwenye kampuni inayotengeneza iPhone, inarudi na orodha ya simu zote zilizoandikishwa kwa ajili ya kujaribia programu ambazo bado hazijatolewa kwa watu wote, na kwa kila simu inaonyesha jina, aina, na ile namba ndefu ambayo hakuna simu mbili duniani zinazoshiriki. Simu iliyomo kwenye orodha inaipokea programu ya majaribio. Isiyokuwemo inaikataa, mwenyewe awe nani. Fundi anapewa nafasi mia kwa mwaka. Nafasi ikishachukuliwa hairudi mpaka mwaka wa akaunti uishe, hata jina likifutwa. Mwaka wa akaunti ya Kavira ulikuwa unaisha Desemba, na huu ulikuwa mwezi wa Mei.

Mchana wa siku hiyohiyo alikuwa anangojwa mjini Beni. Chama cha wasafirishaji cha huko kilikuwa kimekubali kuitazama Kamyo Iko Wapi, programu yake inayoonyesha kila lori la chama lilipo. Mwenyekiti, Hadji Issaka, alikuwa ameweka sharti moja tu: ifunguke kwenye simu yake yeye, mbele ya macho yake. Kabla ya hapo mfanyabiashara mmoja alimwonyesha programu nzuri sana kwenye simu ya mfanyabiashara, na baada ya chama kuinunua haikufunguka tena kwenye simu nyingine yoyote. Jumatano walikuwa wanakuja watu wa Kampala na programu yao. Kavira alikuwa ameacha kufundisha hesabu ili aandike Kamyo Iko Wapi, na hakuwa na mteja mwingine.

Madereva hawakuwa tatizo; programu walikuwa nayo tayari. Simu zao za bei ndogo hupokea programu yoyote kama mbuzi anavyopokea ganda la ndizi. Simu za wakubwa ndizo zinazodai karatasi. Hadji alikuwa amekataa kutuma namba ndefu ya simu yake kwa sababu, alisema, namba za mtu hazitembezwi. Kavira akaamua kumwandikisha palepale ofisini kwake. Alipotazama mara ya mwisho, mwezi wa pili, zaidi ya nusu ya nafasi zilikuwa wazi.

Akasoma safu ya majina. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza. Kisha: Kambale. Kambale. Masika. Kambale mrefu. Kambale wa Kasugho. Paluku. Kambale. Kambale wa samaki, Kyavinyonge. Kambale hacheki. Kasereka. Kambale wa kofia. Kambale mwengine.

Kwa Wanande, watu wa huko, mwana wa kiume wa pili huitwa Kambale, na Butembo, mji wa Kavira, haijawahi kupungukiwa na wana wa pili.

Mtu mmoja tu zaidi yake alikuwa na Karani kwenye kompyuta yake: Éphraïm, muuza simu wa chini ya jengo lilelile. Kavira alikuwa amemwekea ili amtafutie watu kumi wa kujaribu programu na kuziandikisha simu zao. Akashuka ngazi. Éphraïm alikuwa anafuta vumbi kwenye maboksi.

"Éphraïm, hizi simu zote mu orodha yangu ni za nani?"

"Ni za ba clients, yaya," alijibu; yaya kwa huko ni dada mkubwa.

"Nilikuomba batu kumi."

"Na nilikupatia kumi. Halafu bengine bakaona, bakataka."

"Bakataka nini? Hata mumoja hajafungula programu yangu."

"Programu?" Éphraïm alishangaa kweli. "Hapana, yaya. Banataka kuandikwa."

Akaeleza, bila aibu yoyote. Siku hizi mjini kuna iPhone za kweli, iPhone za wizi, na iPhone zilizo iPhone kwa nje tu. Mnunuzi anataka uhakika. Siku moja mnunuzi, mwana wa pili wa mtu fulani wa Kasugho, alimkuta Éphraïm akiandikisha simu ya mjaribu, akauliza lile jina linakwenda wapi. Éphraïm akajibu kwamba linakwenda Amerika, kwa wenye kutengeneza simu wenyewe. Mnunuzi akasema na la kwake liende. Lilipokwenda na kutokea kwenye skrini, alimwita kaka yake aliyekuwa nje aje kuliona. Wiki iliyofuata kaka akarudi kununua. Tangu hapo Éphraïm hakuuza iPhone bila kuiandikisha, na kila mnunuzi alipewa karatasi yenye muhuri wa duka na maneno mawili: IMEANDIKWA AMERIKA.

"Ule ni bongo, ni uongo, Éphraïm!"

"Bongo namna gani? Jina haiko Amerika?"

Kavira alitafakari. Kompyuta zenye ile orodha zilikuwa Amerika. "Iko," alikubali. "Lakini haiko garantie, haiko dhamana ya simu! Ni orodha ya simu za kujaribia tu."

"Client hajue kujaribia. Client anajua Amerika."

"Na majina? Kambale, Kambale, Kambale. Nitajua namna gani ni nani?"

"Mais yaya, njo majina yabo. Nibabatize upya?" Akainama kuitazama skrini. "Tena nilitofautisha. Ona: wa kofia, wa samaki. Ule mwengine njo mwengine."

Kavira alimweleza kilichokuwa kinamngoja Beni. Éphraïm aliweka kitambaa chini. Alikuwa mtu wa biashara, na mteja anayepotea humuumiza hata akiwa wa mwenzake.

"Futa mumoja, basi. Umutie Hadji."

"Nikifuta, fasi hairudi mpaka Desemba."

"Hata ya Kambale hacheki?"

"Hata yake."

"Ule hastahili kukaa Amerika," alisema Éphraïm. Kisha uso ukafunguka. "Yaya, simu yako weye iko mu orodha?"

"Ya kwanza."

"Tumuuzishie Hadji. Akishaichukua, ni simu yake. Alisema simu yake, siyo? Sharti imetimia."

Kavira aliitafuta kasoro ya hoja hiyo. Alipata moja tu, nayo ni kwamba ilikuwa ya Éphraïm. Akapanda tena ofisini, akatengeneza upya Kamyo Iko Wapi ili itambue simu zote mia kama Karani alivyozitaja, akaondoa picha za ubatizo wa mpwa wake kwenye simu, na akaifuta mpaka ikawa tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Éphraïm alileta boksi jipya. Alileta pia karatasi na muhuri wake. Kavira aliuchukua muhuri akauweka ndani ya mkoba wake mwenyewe, akafunga zipu.

"Leo hakuna Amerika," alisema. "Funga duka. Unakuya nami, sababu kama mutu anapashwa kueleza, utaeleza weye."

Walikwenda kwa pikipiki ya Éphraïm. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha barabara na kuwanyima vumbi, na hilo ndilo jema pekee linaloweza kusemwa kuihusu. Kwenye kila kizuizi Éphraïm alijulikana kwa jina, na kwenye viwili kati ya hivyo askari walimwuliza kama ana chaja.

Ofisi ya chama iko Mulekera, upande mmoja wa Beni, kwenye kiwanja ambamo malori mawili yasiyo na matairi yamekaa muda mrefu kiasi cha kuku kutagia ndani yake. Mlangoni alisimama Hadjara, binti wa Hadji na katibu wa chama, mwenye iPhone mpya kuliko zote zitakazotajwa katika habari hii.

"Ba Butembo banafika!" aliita kwa ndani. "Papa, kuya uone. Beko babili, na matope ya batu nne." Akamgeukia Kavira. "Dada, karibu. Hii kitu yako itafunguka, ao tuanze kupika chakula ya ba Kampala ya kesho?"

"Itafunguka, dada Hadjara."

"Na huyu ni fundi?"

"Huyu ni…" Kavira alitafuta neno la kweli. "Huyu ni Éphraïm."

Hadji Issaka alikuwa nyuma ya meza, mtu mnene, mtulivu, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi. Aliwakaribisha chai, akawauliza hali ya barabara, akawasikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesoma mzani. Kisha akasema, "Donc, basi, tuone."

Éphraïm aliweka boksi juu ya meza na kulifungua kwa vidole viwili. "Papa Hadji, hii ni simu ya mwanamuke mumoja tu, mwalimu, haijaanguka hata siku moja…"

"Nilisema simu yangu."

"Itakuwa yako, papa, kabla ya chai kupoa."

"Kijana, miye niko na simu. Na simu yangu haiko ya bule bule." Hadji alitoa iPhone kwenye mfuko wa kanzu. Aliitoa ndani ya ganda lake, na kutoka nyuma ya ganda akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua na kuisawazisha mezani kwa kiganja. "Simu yangu imeandikwa Amerika. Kwa jina yangu. Soma."

Kavira alisoma. Muhuri ulikuwa wa duka la chini ya jengo lake, ukiwa umegongwa upandeupande. Éphraïm alikuwa anaangalia dari, ambayo haikuwa na lolote la kuangalia.

"Éphraïm," alisema Kavira.

"Yaya, naapa, huyu papa sijamuuzishia simu. Kofia ya vile ningeikumbuka."

"Sikuenda miye," alisema Hadji. "Nilituma chauffeur, dereva mumoja wa kamyo, kabla ya Idi. Nilimwambia: usinunue kama haijaandikwa. Miye sinunue kitu haina papier."

"Huyo chauffeur anaitwa nani, papa Hadji?" aliuliza Kavira, ingawa, kwa mtu aliyefundisha hesabu, uwezekano ulikuwa wazi.

"Kambale."

Kavira aliomba ruhusa ya kuchomeka waya. Hadji alifikiri, akaitoa. Alipewa sharti dogo: simu isitoke juu ya meza. Kavira alifungua kompyuta, akamwamuru Karani asome namba ndefu ya simu iliyounganishwa na kuilinganisha na zile mia. Karani alichukua muda ambao mtu huchukua kumeza mate.

Imo. Jina: Kambale wa kofia.

Alibaki anaitazama. Simu aliyokuwa anaitafutia nafasi tangu asubuhi ilikuwa imekaa kwenye nafasi hiyo karibu miezi miwili. Kilichobaki ni kusukuma programu iingie, jambo la dakika moja, na skrini ilikuwa imemwelekea yeye peke yake.

"Inasema nini?" aliuliza Hadji.

Éphraïm alimkanyaga mguu chini ya meza. Kavira aliusogeza mguu wake.

"Inasema simu yako iko mu orodha yangu, papa Hadji. Programu itaingia. Lakini nikudanganye hapana. Hii orodha haiko ya kuonyesha simu ni muzuri. Ni ya simu za kujaribia programu yangu tu. Karatasi hii haina nguvu. Na jina iliyo Amerika haiko yako."

"Ni ya nani?"

Aliigeuza kompyuta. Hadji alivaa miwani. Alisoma mara moja, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akasoma tena.

"Simu yangu," alisema taratibu, "Amerika, inaitwa Kambale wa kofia."

Hadjara alishika ukingo wa meza. Alijaribu kwa uaminifu kujizuia, akashindwa. "Papa! Tangu Idi unaonyesha batu bote ku mosquée ile karatasi! Ulimwonyesha mpaka imamu!"

"Hadjara."

"Imamu alikubarikia simu ya Kambale!"

"Hadjara, toka inje ucheke, halafu urudi." Hadjara hakutoka. Hadji alimgeukia Éphraïm, ambaye wakati huo alikuwa ameshikilia boksi kifuani kama mtoto mchanga. "Weye njo mwenye muhuri?"

"Njo miye, papa Hadji. Lakini tuseme ukweli: uliiomba simu ya kuandikwa, imeandikwa. Chauffeur alisema anaitwa Kambale, alivaa kofia. Niongeze nini?"

"Ungeuliza simu ni ya nani."

"Papa, nikiuliza kila Kambale simu ni ya nani, nitafunga duka saa ngapi?"

Nje kuku alitangaza yai. Kavira alihesabu kwamba sentensi inayofuata itakuwa ama ya kuwafukuza au ya kuwakubali, na kwamba yeye ameshafanya sehemu yake yote.

"Huyu mwanamuke," Hadji alisema hatimaye, akimwambia binti yake, "angenyamaza, ningejua?"

"Usingejua kitu, papa."

"Ule mufanyabiashara wa simu moja alinyamaza." Akaikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuwa, lakini hakuirudisha kwenye ganda. "Mwalimu, unaweza kumutosha Kambale pale, kumufuta?"

"Kumutosha, fasi inapotea. Lakini jina naweza kugeuza."

"Geuza. Andika: Hadji Issaka. Ongeza: Président."

Kavira aliandika, akatuma, akamwita Karani upya ili asiamini alichoandika yeye mwenyewe bali kilichorudi kutoka huko. Orodha ikashuka. Hadji alifuata mstari kwa kidole, akalikuta jina lake kati ya Kasereka na Kambale mwengine, akatikisa kichwa. Hapo ndipo Kavira alipobonyeza. Picha ndogo ya lori la bluu ilitokea kwenye simu ya Hadji, ikajaa pole pole kuanzia kivuli hadi rangi, na alipoigusa ilifunguka.

"Na yangu," alisema Hadjara, akiisukuma iPhone yake mpya mezani. "Hii ni ya Dubai. Sinunuaka vitu vya Butembo."

Kavira aliichomeka. Karani alitafuta. Haimo. Nafasi: 100/100.

"Hapana, dada. Mpaka Desemba."

"Namna gani, hapana? Hii ililipa mpaka ushuru ya douane!"

"Haiko mu orodha."

"Donc miye natupwa inje, na…" Hadjara aliinama na kusoma, "na Kambale wa samaki iko ndani?"

"Wa Kyavinyonge," alisema Éphraïm kwa heshima. "Mutu muzuri sana."

Sasa ilikuwa zamu ya Hadji kucheka, na alicheka bila sauti, mabega peke yake. Kisha akaitazama ramani. Malori ya chama yalikuwa vidoti vya bluu, kila kimoja na jina la dereva wake. Alivipitia kimoja kimoja, akivilinganisha na alichokuwa anakijua kichwani: huyu yuko Kasindi, sawa, huyu anapakia kakao Mangina, sawa. Kidole kikasimama.

"Kambale anafanya nini Butembo?"

"Kambale gani?" waliuliza watu watatu kwa pamoja.

"Wa kofia! Aliniita asubuhi. Alisema ameshapita Butembo, ameshafika Maboya na maharagwe ya Kasugho." Alipiga simu hapohapo, akaweka sauti nje. "Kambale. Uko wapi?"

"Maboya, mzee. Barabara ni mubaya, naenda pole pole."

"Unaona nini mbele yako?"

"Barabara, mzee."

Kavira aliikuza ramani kwa vidole viwili. Kidoti hakikusogea. Mtaa ukaonekana, kisha jengo. Éphraïm aliunyoosha mkono bila kutaka.

"Pale ni ku duka yangu," alisema.

Kwenye simu dereva aliisikia sauti hiyo. "Éphraïm? Éphraïm, ni weye? Mais uko wapi? Niko hapa ku mulango yako tangu asubuhi! Ndugu yangu anataka iPhone, ya kuandikwa…"

Akakoma. Alikuwa ameusikia mwisho wa maneno yake mwenyewe.

Hadji alimwambia Hadjara alete mkataba. Hadjara aliuleta, pamoja na kalamu, na baada ya kufungua droo zote akasema muhuri wa chama umebaki nyumbani kwa mweka hazina. Éphraïm, kwa nia njema, akautazama mkoba wa Kavira.

"Hapana," alisema Kavira.

Mtu wa pikipiki alitumwa kwa mweka hazina. Muhuri ulipofika, Hadji aliweka saini, Hadjara akagonga, Kavira akaweka saini chini yake. Éphraïm alimrudishia Kavira boksi lenye simu yake. Hadji alimpa Éphraïm ile simu, ambayo muda huo wote ilikuwa bado hewani na dereva.

"Ni client yako. Mwambie."

"Kambale," alisema Éphraïm. "Duka haitafunguka leo. Na Amerika imejaa."

Saa tisa kasoro robo, kidoti cha bluu kiliondoka mbele ya duka na kuelekea kaskazini, njia ya Beni.